Yule mtu mweusi nyuma ya mwanamke wa Ugiriki ni nani?

Marahaba binti yangu. Swali lako naliweka hapa juu ili na wengine walisome: "Shikamoo mwalimu. Kuna mchoro nimeuona kwenye simu, mwanamke wa kizungu amepiga goti juu ya vifusi, kifua kiko wazi, mikono ameitandaza, na nyuma yake kasimama mtu mweusi ana kilemba. Wameandika eti mchoro huu uliwasaidia Wagiriki kupata uhuru. Sasa mchoro unampaje mtu uhuru? Na yule mweusi ni nani, mbona ndo kawekwa yeye awe adui?"

Ntaanza na la pili, maana watu wengi wanaangalia ule mchoro na yule mtu hata hawamwoni, na waalimu wengi wakiufundisha wanampita hivihivi.

Mchoro ni wa Mfaransa, Eugène Delacroix, aliuchora 1826, na leo uko kwenye jumba la makumbusho la Bordeaux. Ukienda kuuangalia vizuri, zaidi ya kwenye simu, ni mkubwa, zaidi ya mita 2 kwenda juu. Yule mwanamke si mtu fulani aliyeishi, ni Ugiriki yenyewe imepewa umbo la mwanamke. Amevaa gauni jeupe na koti la buluu lenye nakshi za dhahabu, mavazi ya Wagiriki wa wakati ule, sio ya kale. Mikono yake haijainuliwa juu kupigana, iko chini imefunguka, kama mtu anayewaambia wanaomtazama, haya sasa mmeona wenyewe. Sasa shuka chini kwenye mawe: kuna mkono wa maiti unatokea kwenye kifusi, mwili wote umefunikwa, mkono tu ndo unaonekana, na kwenye jiwe kuna damu. Alafu nyuma, kulia, kwenye giza giza, ndo yuko askari wako, mweusi, ana kilemba, ameshika mti wa bendera, na wala hamwangalii yule mwanamke.

Mji wenyewe ni Missolonghi, uko magharibi mwa Ugiriki kwenye maji ya kina kifupi ya pwani, samaki na chumvi ndo vilikuwa maisha yao. Wagiriki walikuwa chini ya dola ya Waturuki Waosmani kwa karne kadhaa, wakaanza kupigana 1821, na Missolonghi ukawa mji usiotaka kuanguka. Ulizingirwa zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho ulifungwa kwa karibu mwaka mzima, 1825 hadi April 1826, watu wakala punda, wakala paka na panya, wakala majani ya baharini. Mle ndani kulikuwa na gazeti linachapwa, mhariri wake ni Mswisi anaitwa Johann Jakob Meyer, analiandika huku mabomu yanaanguka. Chakula kilipoisha kabisa wakaamua kutoka usiku kwa nguvu, usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi kwa kalenda yao, wanaume wenye bunduki mbele na nyuma na wanawake na watoto katikati. Adui alishajua. Waliopenya ni wachache. Meyer alikufa pale. Mzee mmoja, Christos Kapsalis, alibaki mjini na waliokuwa hawawezi kutembea, wakajikusanya kwenye ghala la baruti, na maadui walipoingia akaiwasha.

Hiyo ndo habari iliyomfikia Delacroix Paris. Yeye Ugiriki hakuwahi kukanyaga. Alichora kwa magazeti, kwa nguo alizoazima, kwa watu wa Paris waliokaa mbele yake kama modo.

Sasa yule askari. Jeshi lililomaliza Missolonghi halikuwa la Sultani peke yake. Sultani alikuwa ameshindwa kuwazima Wagiriki miaka kadhaa, ikabidi amwombe msaada gavana wake wa Misri, Muhammad Ali, na yeye akamtuma mwanawe Ibrahim Pasha, ambaye alishuka Peloponnese, ile rasi ya kusini mwa Ugiriki, mapema 1825 na jeshi la kisasa lenye nidhamu. Na hilo jeshi lilitoka wapi? Hapa ndo utaelewa. Mwaka 1820 hadi 1821 Muhammad Ali aliivamia Sudan, Sennar na Kordofan, na moja ya sababu kubwa ilikuwa kukamata watu weusi awafanye wanajeshi. Waliswagwa hadi Aswan wakafunzwe, wakafa kwa wingi sana kwa magonjwa na mateso ya safari, mpango ukafeli, ndipo akageukia wakulima wa Misri kwenyewe, akawachukua mashambani kwa lazima, na wapo waliojikata vidole au kujitoboa jicho ili wasichukuliwe. Waliowafundisha kupigana ni maofisa wa Ulaya, mashuhuri zaidi ni Joseph Sève, Mfaransa aliyepigana chini ya Napoleon, baadae akasilimu akaitwa Soliman Pasha. Yaani wakati Paris wanalia mbele ya mchoro, jeshi lililoubomoa ule mji lilifundishwa na Mfaransa.

Kwa hiyo jibu ni hili: mtu mweusi kuwemo kwenye jeshi la Ibrahim si uongo, lakini wengi wa askari wake walikuwa wakulima wa Misri, na yule mweusi kama alikuwepo, kuna uwezekano mkubwa kuwa alikuwa mtu aliyetekwa kwao akavalishwa sare kwa nguvu. Delacroix alijua au hakujua, mchoro hausemi hayo. Mchoro unamtumia kama alama. Mwanamke mweupe mwenye mwanga ni ustaarabu, mwanaume mweusi kwenye giza ni ushenzi, na mtazamaji wa Paris haitaji maelezo zaidi. Mimi naupenda ule mchoro, ule mkono chini ya kifusi ni kitu ambacho ukishakiona hakikutoki, ila hapo kwenye yule askari Delacroix hakutenda haki, na wewe kuuliza umeuliza sawasawa.

Hasa ukijua kwamba kwenye historia yenyewe nchi ya kwanza kuyatambua mapambano ya Wagiriki ilikuwa ya watu weusi. Ni Haiti. Wale walikuwa watumwa waliomwondoa Mfaransa kwa vita na kutangaza uhuru 1804. Mgiriki mmoja msomi sana aliyekaa Paris, Adamantios Korais, pamoja na wenzake walimwandikia rais wa Haiti Jean-Pierre Boyer kuomba msaada, na Boyer akajibu tarehe 15 January 1822. Aliwaita raia wenzake, akawaambia Wahaiti wanajua utumwa ni nini na wanawatakia ushindi, ila hazina yao imekauka kwa hiyo pesa na silaha hawana cha kuwapa kwa wakati huo. Wakati huo hakuna hata ufalme mmoja wa Ulaya uliokuwa umethubutu kuandika barua kama hiyo. Kwenye mkutano wa Verona mwaka uleule wa 1822 wafalme walikataa hata kuwapokea wajumbe wa Wagiriki. Mchoro wa Boyer akiandika ile barua hatunao kwenye vitabu vya sanaa, tunao wa askari mweusi na bendera.

Haya, sasa swali lako la kwanza, mchoro unampaje mtu uhuru.

Kuelewa hili lazima uelewe hali ya Ulaya ya 1821. Napoleon kashaanguka, wafalme wamekubaliana kwamba uasi wowote popote ni hatari kwa wote, leo Wagiriki dhidi ya Sultani kesho raia wako dhidi yako. Kwa hesabu za siasa Wagiriki walitakiwa waachwe wafe. Kilichowaokoa wasisahaulike ni kwamba kila mtoto wa tajiri pale London, Paris na Munich alikuwa amechapwa viboko shuleni akikaririshwa Homer na Plato, mshairi na mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Majengo ya serikali na makasri walijenga kwa nguzo za Kigiriki. Mwaka 1816 tu Bunge la Uingereza lilikuwa limenunua kwa pauni 35,000 sanamu za hekalu la Parthenon ambazo balozi wao Lord Elgin alizing'oa Athens na kuzisafirisha. Kwa hiyo habari ilipofika kwamba watu wa Athens na Sparta wanachinjwa, msomaji wa gazeti Ulaya hakusikia habari za kijiji cha mbali, alisikia wanachinjwa watu wa kwenye kitabu chake cha shule.

Hapo ndo sanaa ilifanya kazi, na ilifanya kazi kwa pesa taslimu. Mchoro wa Missolonghi ulionyeshwa Paris kwenye maonyesho ya kuchangia Wagiriki, unalipa kiingilio, hela inaenda kwenye vita. Miaka miwili nyuma, 1824, Delacroix alishaonyesha mchoro mwingine mkubwa zaidi wa kisiwa cha Chios, ambako 1822 jeshi la Waosmani liliua makumi ya maelfu ya watu na kuuza wengine makumi ya maelfu utumwani. Kwenye mchoro ule kuna mama amelala kafa na kichanga kinatafuta ziwa lake. Serikali ya Ufaransa yenyewe iliununua, na sera yake haikuwa kuwasaidia Wagiriki. Rossini, mtunzi wa muziki Mwitaliano, akatunga opera, yaani tamthilia ya kuimbwa. Mshairi Byron wa Uingereza, ambaye alimtukana sana Elgin kwenye mashairi yake kwa zile sanamu, alienda mwenyewe, akatoa hela yake mfukoni kulipia meli za Wagiriki, akafika Missolonghi January 1824 na akafa hapohapo kwa homa tarehe 19 April, ana miaka 36, madaktari wamemtoa damu mpaka basi. Hakupigana hata vita moja, lakini kifo chake kilipofika kwenye magazeti kilileta watu wa kujitolea na michango ambayo hotuba mia zisingeleta.

Ila usije ukadhani kila hela iliyotoka ilikuwa sadaka. Mwaka 1824 na 1825 Wagiriki walikopa London mikopo miwili, kwenye karatasi pauni 800,000 na pauni milioni 2, lakini hatifungani ziliuzwa kwa bei ya chini sana, wakakatwa riba na ada za madalali kabla hela haijaondoka London, nyingine ikapotelea kwenye oda za meli ambazo zilichelewa, na iliyofika ikachochea Wagiriki kugombana wenyewe kwa wenyewe. Nchi ilishindwa kulipa hata kabla haijawa nchi. Deni lile walikuja kulimalizia makubaliano 1878. Mtu wa kwetu aliyesoma historia ya mikopo ya nchi changa hapa hahitaji kufafanuliwa.

Na kuna kitu kingine ambacho michoro haikuonyesha na ni lazima nikuambie. Miezi sita kabla ya Chios, mwishoni mwa 1821, Wagiriki waliuteka mji wa Tripolitsa katikati ya Peloponnese, na wakaua Waislamu na Wayahudi wa mji ule kwa maelfu, wanawake na watoto wakiwemo, kwa siku tatu. Kamanda wao Theodoros Kolokotronis kwenye kumbukumbu zake alisema mwenyewe kwamba kutoka ukutani mpaka ikulu farasi wake hakukanyaga ardhi. Kwa ajili ya miili. Hakuna Delacroix aliyechora Tripolitsa. Wapo waliojitolea kutoka Ulaya walioyaona pale kwa macho wakarudi kwao wamevunjika moyo, lakini sauti zao zilimezwa. Hiyo ndo nguvu ya sanaa, inachagua maiti zipi watu wazililie. Nasema hivi na bado naamini Wagiriki walikuwa na haki ya kuwa huru, hayo mawili yanakaa pamoja.

Je michoro ndo ilileta uhuru? Hapana, walioleta uhuru kwanza ni watu wenyewe waliokataa kusalimu amri miaka sita, na pili mizinga. Tarehe 20 October 1827 kwenye ghuba ya Navarino, manowari za Uingereza, Ufaransa na Urusi zilikutana na zile za Waosmani na Wamisri na kuziteketeza kwa mchana mmoja. Mwaka 1828 Ibrahim akaondoka. Tarehe 3 February 1830 London wakasaini Ugiriki iwe nchi huru. Na mataifa yale matatu yalikuwa na hesabu zao, Urusi inataka kuidhoofisha Osmani, Uingereza haitaki Urusi ijilie keki peke yake, biashara ya baharini imevurugika kwa uharamia, na kulikuwa na uvumi mkali kwamba Ibrahim ana mpango wa kuwahamisha Wagiriki wa Peloponnese wote awapeleke Misri na kuleta watu wengine. Lakini mimi ninavyoona, bila ile miaka sita ya mashairi, michoro na harambee, waziri wa London asingekuwa na raia nyuma yake wanaomsukuma, na zile meli zisingetumwa. Mchoro haukufyatua mzinga, ila ulifanya isiwezekane tena kwa waziri kukaa kimya.

Sasa tutoke Paris twende kwa wenyewe, maana hapa ndo mimi napapenda kuliko pote.

Wapiganaji wengi hawakujua kusoma. Walikuwa wachungaji, wanamaji wa visiwa vya Hydra na Spetses, na wale watu wa milimani ambao jana walikuwa wanaitwa majambazi na leo wamekuwa makamanda. Nyimbo zao zilikuwa za milimani na kanisani. Lakini ule urithi wa kale nao ulishaanza kuwaingia kupitia wafanyabiashara na waalimu, mpaka kwenye majina: Laskarina Bouboulina, mjane wa Spetses aliyejenga meli ya vita kwa mali yake na kuiongoza mwenyewe, meli yake ilikuwa inaitwa Agamemnon, jina la mfalme wa kwenye hadithi za Homer. Na mshairi Dionysios Solomos wa kisiwa cha Zakynthos aliandika 1823 wimbo wa uhuru wenye beti 158, ambao beti zake za mwanzo ni wimbo wa taifa wa Ugiriki mpaka leo, na ndani yake uhuru unatoka kwenye mifupa mitakatifu ya Wagiriki wa zamani.

Kuna jenerali mmoja anaitwa Yannis Makriyannis. Alijifunza kuandika ukubwani, 1829, kwa sababu alitaka kuandika aliyoyaona, na maandishi yake yalikuja kuchapwa muda mrefu baada ya kufa kwake, 1907. Anaeleza kwamba aliwakuta askari wana sanamu mbili za kale, nzima kabisa, mishipa inaonekana kwenye jiwe, na wanataka kuwauzia Wazungu. Akawachukua pembeni akawaambia hata wakipewa hela nyingi kiasi gani wasikubali zitoke kwenye nchi, kwa ajili ya hizi ndo tulipigana. Mtu huyu hajasoma Plato. Lakini alielewa jambo ambalo Elgin mwenye elimu yake yote hakulielewa.

Na ni huyuhuyu Makriyannis aliyetaka vita ichorwe. Kwanza akamchukua mchoraji Mzungu, kazi haikumridhisha, akamlipa akamwambia kwaheri. Alafu akamtafuta mpiganaji mwenzake kutoka upande wa Sparta, Panagiotis Zographos, fundi wa kuchora sanamu za watakatifu makanisani, na kati ya 1836 na 1839 Zographos na wanawe wakachora mfululizo wa picha 25 za vita, jenerali akiwaonyesha adui alikuwa wapi na sisi tulikuwa wapi. Nakala walipelekewa wafalme, za Malkia Victoria ziko Windsor mpaka leo.

Itafute picha yao yoyote ya Acropolis, ule mlima wa Athens wenye hekalu la Parthenon juu yake, uiweke pembeni ya Delacroix. Huoni mtu mmoja anayelia. Unaona mlima mzima kama unautazama kutoka angani, kuta, mahema, njia, farasi, mizinga inatoa moshi mdogo mweupe, na watu wadogo wadogo wengi sana wamepangwa kwa vikosi, na kila kikosi kina namba, na pembeni kuna orodha inakwambia namba hii ni kamanda fulani, namba ile ni kisima, namba ile ndo walipoingilia adui. Adui naye amechorwa kwa ukubwa uleule na ana namba yake. Hakuna aliyewekwa gizani. Anayeiangalia haombwi amhurumie mtu, anaambiwa nani alikuwepo. Kwa wataalamu wengi wa zamani hizi zilikuwa picha za kishamba, mimi ukiniambia nichague moja niokoe kwenye moto, kwa heshima zote za Delacroix, naokoa ya Zographos.

Sababu yangu ni gharama iliyofuata. Ulaya iliwapenda Wagiriki kwa ajili ya mababu zao wa miaka elfu mbili nyuma, na uhuru ulipopatikana ikataka wafanane na hao mababu. Mataifa yale matatu yakawapa mfalme, Otto, kijana wa miaka 17 kutoka Bavaria, baba yake ni mfalme mpenzi mkubwa wa Ugiriki ya kale, akafika 1833 na askari wa Kijerumani. Mwaka uliofuata Kolokotronis, yule shujaa mwenyewe, akahukumiwa kifo kwa uhaini, alikuja kusamehewa baadae. Makao makuu yakahamishiwa Athens, ambayo wakati ule ilikuwa mji mdogo uliobomoka, kwa sababu tu ya jina lake. Mwaka 1834 Otto akakalishwa katikati ya Parthenon na msanifu majengo Leo von Klenze akatoa hotuba akiahidi kwamba masalia yote ya ushenzi yataondolewa pale juu. Na yaliondolewa kweli: msikiti uliokuwa ndani ya Parthenon, nyumba za watu, baadae hata mnara mkubwa wa enzi za kati ukavunjwa miaka ya 1870. Karne nyingi ambazo watu waliishi, wakasali na kuzikana pale juu zikafutwa ili mlima urudi kuwa wa Pericles, kiongozi wa Athens ya kale. Shuleni na maofisini ikawekwa lugha ya kusafishwa, iliyosogezwa karibu na ya kale, ambayo mama sokoni haongei, na ilibaki kuwa ya serikali mpaka 1976. Na hata kabla ya hayo, 1830, msomi wa Kijerumani Fallmerayer akaandika kwamba hawa wa leo hawana hata tone la damu ya wale wa kale. Wamepigana, wamekufa njaa Missolonghi, na mtu anawapima damu.

Turudi kwenye lile lililokuuma, la mtu mweusi. Delacroix hakuwa wa mwisho kuutumia Ugiriki hivyo, ila safari hii kuna waliojibu. Miaka ya 1840 Mmarekani Hiram Powers alichonga sanamu ya marumaru nyeupe, msichana wa Kigiriki yuko uchi na minyororo mikononi, anauzwa kwenye soko la Waturuki. Ilizungushwa Marekani, watu kwa maelfu wakalipa kiingilio, wakalia, kwenye nchi ambayo wasichana weusi walikuwa wanauzwa sokoni siku hiyohiyo. Mwaka 1851 sanamu ikapelekwa kwenye maonyesho makubwa London, na pale wakaja William Wells Brown pamoja na William na Ellen Craft, weusi waliotoroka utumwani Marekani. Ellen ndo yule aliyetoroka Georgia 1848 amejivika nguo za bwana wa kizungu, maana ngozi yake ilikuwa nyeupe nyeupe, na mumewe akajifanya mtumwa wake. Wakatembea ndani ya maonyesho mbele ya Wamarekani waliojaa, na Brown akaweka pembeni ya ile sanamu mchoro wa gazeti la Uingereza, wa mwanamke mweusi aliyefungwa kwenye nguzo kwa mnyororo, mtumwa wa Virginia, akisema huyu ndo mwenza wake. Hawakuivunja sanamu wala hawakuitukana, walidai machozi yale yawafikie na wao.

Na huku kwetu Ugiriki haukuja kwa michoro peke yake. Robben Island wafungwa waliigiza Antigone, tamthilia ya Sophocles, Mgiriki wa kale, ya msichana anayekaidi amri ya mfalme amzike kaka yake, na Mandela akacheza nafasi ya Creon, yule mfalme. Mwaka 1956 Waingereza walimkamata Askofu Mkuu Makarios wa Kupro, kisiwa chenye Wagiriki wengi kilichokuwa kinapigania kutoka mikononi mwao, wakamtupa Shelisheli, kulekule walikowahi kuwafungia Kabaka Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Alipoachiwa 1957 alipitia Nairobi, wakati Kenya iko kwenye hali ya hatari na makanisa ya Orthodoksi ya Waafrika yamefungwa kwa kuhusishwa na Mau Mau. Alirudi 1971 akiwa rais wa nchi huru ya Kupro, akabatiza maelfu ya watu na kuanzisha ujenzi wa seminari ya Orthodoksi pale Riruta, Nairobi, ambayo inaitwa kwa jina lake na bado inafundisha mapadri wa Kiafrika.